Hajati Aliyezichapa Picha

Nilimchukia Hajati miaka mitatu mfululizo, na katika miaka hiyo hiyo sikuwa na mtu mwingine Kampala wa kumwita mama. Alikufa mwaka jana. Sasa watu wa sanaa wanakaa mikahawani wanasema alikuwa mama mwema, mlezi wa vijana, mpole wa moyo. Waongo wakubwa! Mpole gani anayekurushia kiatu kwa sababu umechora mawingu? Mimi nilikuwepo. Nina vidole vinne vya mkono wa kulia visivyokunjika, kwa hiyo nina haki ya kusema alivyokuwa.

Na nina swali moja ambalo nilitembea nalo miaka hiyo mitatu kama kokoto ndani ya kiatu. Siku nilipomletea zile picha saba zilizonivunja mkono, alijua zitatuletea nini, au hakujua? Nikiwaeleza Hajati alikuwa mtu wa namna gani mtaona kwa nini sikuweza kulala nalo.

Alikuwa Mnubi, mjane, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Miaka thelathini aliuza mapazia ya mitumba katika soko la Owino. Mumewe alikuwa na lori. Alipofariki, Hajati aliliuza lile lori, akafagia gereji lilimokuwa likilala kule Makindye, akapaka chokaa kuta zote, akatangaza kwamba hapo sasa ni nyumba ya picha. Shimo la fundi la kuingilia chini ya gari, katikati ya sakafu, hakulifukia. Wanawe walidhani msiba umempanda kichwani.

Yeye alikuwa na sababu yake. Siku moja zamani alikuwa amepeleka mapazia kwenye ofisi fulani Nakawa, akakuta ukutani picha kubwa ya ng'ombe anachinjwa. Alisimama pale mpaka mlinzi akaja kumtoa. "Nilimwogopa yule ng'ombe, wallahi," aliniambia. "Nikajiuliza, kumbe kitambaa kinaweza kumfanya mtu hivi? Na mimi miaka yote nauza vya kuzuia jua tu!" Na huyu ndiye mwanamke ambaye Idi ikifika, mbuzi akilazwa uani, alijifungia chumbani na kuziba masikio kwa mito miwili. Watu alikuwa anawapiga bila wasiwasi. Mbuzi hakuweza hata kumtazama.

Ukimletea kazi, kwanza aliichapa. Sisemi kwa mafumbo. Alikuwa na fimbo ya kukung'utia mapazia vumbi, ya mpera, na picha yako aliiegemeza kwenye ukuta wa nje, akakunja mikono ya gauni, akaitandika. Pa! Pa! Pa! Rangi ikibanduka, alikurudishia bila kuiangalia ina nini. Mara yangu ya kwanza nilimletea picha niliyoichora kwa miezi minne, ya watu wa kwetu Uvira wanakimbia na magodoro kichwani. Fimbo ya pili tu, godoro moja likadondoka chini vipande vipande.

"Wewe Mkongo," akasema, "watu wako wamekimbia vita, wamefika mpaka hapa, halafu wanakufa kwa fimbo ya mwanamke? Nenda kawapake vizuri."

Nilitembea hadi nyumbani nikilia kwa hasira. Nilirudi baada ya wiki sita. Aliipiga mpaka akatoka jasho, haikudondosha kitu, ndipo akaigeuza na kuitazama kwa mara ya kwanza. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akanipa chai na mkate wa mayai, akaniita mwanangu, na tangu siku hiyo hakuniita jina jingine isipokuwa akiwa na hasira.

Jambo la pili ambalo wageni hawakulielewa: picha zake hazikutundikwa. Zilipangwa sakafuni kuzunguka kuta zote, zimeupa ukuta uso, mgongo nje. Ukitaka kuona, uiname, uishike kwa mikono yako, uigeuze. Alijifunza Owino. "Nguo iliyotundikwa kila mtu anaipita," alikuwa akisema. "Iliyo chini ya rundo ndiyo mtu anaipigania. Akishaifukua mwenyewe, atakuwa na aibu ya kuirudisha." Na kweli, niliona watu wazima wenye suti wakigeuza picha na kurudi nyuma hatua mbili, kama aliyefunua sufuria akakuta nyoka.

Alikuwa na maneno yake. Kubwa lilikuwa hili: "Picha isiyomuudhi mtu ni pazia." Alilitupa kwa kila mchoraji, na mara nyingi pamoja na kiatu. Kuna mchoraji mmoja mwenye jina, anayeuza kwa mabalozi, alileta machweo ya ziwa, na ndege wamepangana. Hajati hakuichapa hata fimbo moja. Aliibeba kwa heshima mpaka dirishani, akaining'iniza kwenye waya wa pazia, akarudi nyuma, akasema, "Imetosha kabisa, Mungu akubariki, jua lilikuwa linanisumbua." Bwana yule alimtukana. Hajati akamvuta tai mpaka macho yakamtoka, na sisi wachoraji watatu tuliokuwepo tukashindwa kuwaachanisha. Mgeni mwingine alileta chupa za mvinyo siku ya ufunguzi, hakujua, masikini. Hajati alizivunja moja moja kwenye kizingiti, bila kelele, kisha akamkaribisha juisi ya ukwaju.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomuuma kuliko vyote, na hiki ndicho nawaomba mkishike. Majirani hawakuingia. Miaka minane, hakuna hata mmoja. Walikuja Wazungu, walikuja wanafunzi wa chuo, walikuja Wakenya na kamera zao, lakini muuza nyama wa geti la pili hakuwahi kuvuka kizingiti. Kila ufunguzi Hajati alisimama barabarani akiwaita kwa sauti ya soko: njooni, bure, kuna juisi! Mama wa chapati alicheka na kuendelea kusukuma donge lake. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene, mcheshi, aliyeshinda kwenye kiti cha barazani kwake, alimjibu kila mara vile vile: "Hajati, mimi naona nini huko? Hiyo ni ya bazungu." Hajati alirudi ndani akiwa ameuma midomo. Usiku wa siku hizo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Sasa nije kwenye lubugo. Ni kitambaa cha gome la mti, Waganda wanakigonga kwa nyundo za mbao mpaka kinakuwa laini, rangi yake ya udongo mwekundu. Mimi nilikiona kwanza kwenye mikoba na kofia za watalii. Nikakipenda. Turubai lilikuwa limenishinda bei, na hiki kilinyonya rangi kwa namna ambayo ngozi ya mtu ilionekana ngozi kweli. Nikaamua kuwachora majirani. Nilisema kimoyomoyo, kama hawaji kwa picha, wacha picha ziwe wao. Nilienda na daftari nikawaomba, wakakubali, wakafurahi hata. Mwenyekiti aliniambia, "Chora tumbo yote, usiache kidogo." Lakini kila alasiri alikuwa anasinzia kwenye kiti kile, kwa hiyo nilipomhamishia kwenye lubugo nilimchora alivyokuwa: mikono tumboni, macho yamefumbwa.

Nilizibeba zote saba kwa Hajati. Alichukua fimbo. Nikaigeuza ya kwanza mwenyewe, kwa kiburi, nikataka aone kabla ya kupiga. Ilikuwa ya mwenyekiti. Hajati akasimama na fimbo hewani. Kisha akaishusha.

"Hizi sizipigi," akasema.

"Kwa nini, Hajati?"

"Nimesema sizipigi." Akagusa ukingo wa kitambaa kwa ncha ya kidole, akasema bismillahi, akaigeuza uso ukutani. Mimi mjinga nilidhani nimesifiwa. Nilienda nyumbani nikipiga mluzi.

Siku ya nne baada ya ufunguzi, kijana wa bodaboda aliyemleta mgeni aliomba maji ya kunywa. Akiwa anasubiri glasi, akageuza moja ya zile saba. Alitoka mbio, maji hakunywa. Wiki hiyo hiyo mwenyekiti alianguka kwenye karamu ya harusi, mdomo ukaenda upande.

Walikuja Jumamosi saa tisa mchana. Niliwasikia kabla sijawaona, kelele moja nzito inayoshuka kilima. Hajati alisimama mlangoni na fimbo yake. Wa kwanza Hajati alimtandika usoni, wa pili akamtandika kifuani, kisha wakampita kama maji. Gereji ikajaa. Vijana wa boda, muuza nyama na kisu chake kiunoni, mama wa chapati bado ana unga mikononi, wanawake wenye watoto mgongoni. Wakaanza kugeuza picha. Zote. Kila aliyekuta sura ya jirani alipiga ukelele akamwita mwenzake: huyu hapa! Na mimi, na mimi nipo! Muuza nyama alipojikuta, alikaa chini akaanza kutapika.

Mwenyekiti waliingia naye wamemshika kwapa. Akanitazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limelegea, akaniambia kwa shida, kwa Kiswahili chake: "Mkongo. Mimi nakosea wewe nini? Mimi bado nakula, wewe nazika mimi?"

Sikuelewa hata kidogo alichomaanisha. Ningejua ningejieleza. Nilisema tu, "Mzee, nilikuchora, wewe mwenyewe ulikubali," na mtu akanipiga na tofali mdomoni.

Mdogo wake mwenyekiti, fundi wa magari, akauliza, "Mkono gani nachora?" Hakuna aliyejua. Akaniuliza mimi, na mimi, Mungu wangu, kwa hofu nilimwonyesha. Walinilaza kwenye ukingo wa shimo la fundi, mmoja juu ya shingo, mmoja juu ya kiwiko. Akatumia spana ya tairi. Pigo la kwanza sikulisikia, la pili nililisikia mpaka kwenye meno, la tatu nikajinyea. Nasema wazi, sina wa kumficha.

Hajati alimrukia mgongoni. Mwanamke wa miaka sitini na kitu! Alimng'ata sikio, na kipande kikabaki mdomoni mwake, akakitema. Alimpiga kijana mmoja wa boda na kigoda mpaka kijana akalala kimya, huku Hajati akimtukana kwa Kinubi, kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Wakamtupa chini, akainuka. Wakamtupa tena, akainuka. Mtu alimpiga panga begani, ubapa kwanza, kisha makali, nikaona nyama nyeupe kabla damu haijaja. Hata hapo alitambaa akaja kunilalia, akaufunika mkono wangu kwa mwili wake, na mapigo yaliyokuwa yangu yakaishia mgongoni kwake.

Walitoa picha zote, zangu na za wengine, wakazimwagia petroli ya pikipiki uani. Walipoondoka ulibaki ule moshi wa rangi unaokwangua koo. Mwenyekiti walikuwa wamemsahau kwenye kiti kimoja mle ndani. Alikuwa analia kwa nusu ya uso.

Hospitalini, muuguzi mmoja ndiye aliyenifungua macho, binti wa Kiganda, akinibadilisha bandeji. "Kaka, kwani hakuna aliyekuambia? Lubugo ndiyo tunayozikia watu. Unamchora mtu aliye hai juu ya sanda, tena umemfumba macho? Hata mtoto wa darasa la pili anajua."

Hata mtoto wa darasa la pili. Na Hajati alizaliwa Kampala hii, amezika majirani wa Kiganda tangu utoto, ameuza vitambaa miaka thelathini. Basi ndipo lile swali lilipoingia. Nilikumbuka fimbo iliyoshuka. Nilikumbuka bismillahi.

Alikuja hospitali kila siku, bega limeshonwa nyuzi nyingi, akanilisha uji kwa kijiko, akaniosha; lubugo hakuitaja. Sikumuuliza. Niliogopa. Angesema hakujua, ningejua anadanganya. Angesema alijua, ningebaki na nani? Niliporudi nyumbani nikakaa miezi nikitazama dari, alikuja siku moja, akanifunga mkono wa kulia kifuani kwa shuka, akanitupia penseli. "Chora." Nikamwambia aende zake. Akanizaba kibao. "Nimesema chora, umekuja Kampala kulala?" Nikachora kwa kushoto, mstari wa hovyo, uliopinda kama njia ya konokono. Akaikunja ile karatasi akaitia kifuani mwa gauni. Alifanya hivyo kila Jumanne kwa mwaka mzima, na kila Jumanne nilimchukia kidogo zaidi, na kila Jumanne nilimsubiri mlangoni.

Gereji hakuifungua tena. Sukari ilimshika, wakamkata mguu chini ya goti, binti yake akamhamishia kwake Bombo. Nilikwenda kumwona mara moja tu. Nilimkuta kitandani, amepungua nusu, mabega tu ndiyo yale yale. Meza yake ilikuwa imejaa machungwa na ndizi za wageni, hajagusa hata moja. Binti alikuwa pale pembeni anakunja nguo.

Sikuketi. Nilijua nikiketi sitauliza.

"Hajati, siku ile ya lubugo. Ulijua?"

Hakuzunguka. Hata hakupepesa macho. "Nilijua."

"Ulijua ni sanda."

"Nilijua ni sanda. Nilipomwona yule bwana amefumba macho mwili ulinisisimka. Ningekuambia, ungezichukua ukaenda kuchora kwenye turubai kama wenzako." Alipumua kwanza. "Miaka minane, mwanangu. Nimesimama barabarani nawaita kama muuza samaki. Nikasema, kwa hizi wataingia. Nilifikiri watakuja kutukana. Nilifikiri watapasua, wavunje dirisha, mimi nipigane nao, yaishe. Sikufikiri watakushika wewe. Haki ya Mungu sikufikiri."

Pengine angeishia hapo ningeondoka. Lakini alininyooshea kidole, na uso wake ukawaka, ule uso wa ugonjwa, ukawaka kabisa.

"Lakini uliwaona? Uliona walivyoingia wengi? Hakuna hata mmoja aliyepita bila kugeuza!"

Nilimpiga kofi. Kwa nguvu zangu zote, kichwa chake kikagonga mbao za kitanda. Binti akapiga yowe, akaangusha nguo, akanishika shati kunivutia mlangoni, akiniita mnyama, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimempiga mgonjwa asiye na mguu.

"Mwache," Hajati akasema.

"Mama, amekupiga!"

"Nimesikia amenipiga, mimi ndiye mwenye shavu. Mwache." Alijishika taya, akaichezesha kushoto na kulia kuona kama bado inafanya kazi. "Mwezi mzima wanakuja hapa na machungwa na nyuso za matanga. Hajati pole, Hajati pole. Huyu peke yake hakuja kunihurumia." Kisha akanitazama mimi. "Kaa."

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda chake. Nikalia. Nililia vidole vyangu, nikalia zile picha saba, nikalia kwa sababu nilikuwa nimempiga na kwa sababu nilitaka kumpiga tena. Hakuniambia ninyamaze. Msamaha hakuniomba, na mimi sikumwomba. Alisubiri mpaka nikamaliza, ndipo akamwambia binti yake alete chakula, sahani moja, tutakula pamoja.